Miezi Mitatu ya Zawadi

Dada yangu Wambeti akianza kusema "mkwe wangu", mimi Cicily natafuta kiti, maana najua sifa haziishi leo. Siku hiyo alinijia hapa Siakago na karatasi amezikunja ndani ya leso, anacheka peke yake. Nthiga, baba wa kijana atakayemwoa binti yake Disemba, alikuwa amekubali kumpangisha duka sokoni. Hatimaye angejenga tanuri la matofali aoke mikate, aachane na kukaanga mandazi kando ya barabara huku vumbi la bodaboda likiingia kwenye karai.

"Na si miaka mitano tu," akaniambia. "Ameniongezea miezi mitatu. Zawadi! Wee, siku hizi nani anakupa zawadi?"

"Mwenye ploti hatoi zawadi. Wakili ameuona huu mkataba?"

Akaniangalia kama niliyetukana kanisani. "Mkwe unampelekea wakili? Unataka mtoto wangu aolewe ama aachwe?"

Sikumlaumu sana. Huku kwetu mkwe habishaniwi. Akikupa kiti kilichovunjika mguu, unakaa na unashukuru. Lakini yale matofali nilimwona akiyafyatua na kuyachoma mwenyewe kiangazi kizima, mikono ikamtoka malengelenge. Tanuri hilo likimpotea hakuna lingine. Basi nikamvuta mpaka Embu mjini kwa Joyline, wakili kijana, msichana wa kutoka Meru, mwenye ofisi juu ya duka la dawa za mifugo.

Joyline alisoma kimya, kisha akaguna. "Mama, hii miezi mitatu nani aliiweka?"

"Mkwe wangu. Ni zawadi."

"Hii zawadi inakutoa nje ya ulinzi. Mkataba wa duka ukiwa wa miaka mitano au chini, sheria inamlinda mpangaji. Mwenye nyumba hawezi kukufukuza au kukupandishia kodi anavyotaka, lazima mpitie kwa baraza la kesi za wapangaji. Ukizidi miaka mitano, kama huu, ulinzi huo unakwisha. Siku ya mwisho anakwambia toka, na unatoka. Na hapa chini imeandikwa kila kilichojengwa dukani kitabaki chake."

"Hata tanuri?"

"Hata tanuri."

Wambeti akafunika uso kwa leso. "Nikitia sahihi, tanuri limeenda. Nikikataa, mtoto wangu anaingia kwa watu walio na kinyongo na mama yake."

Ghai! Damu ilinichemka. "Mwizi huyo! Nipelekeni kwake leo hii nimwambie ana kwa ana!"

"Wewe huendi kusema chochote," Joyline akasema, tena bila kuniogopa. "Mama Wambeti, mahari ya binti mlizungumza na Nthiga uso kwa uso?"

"Aa, hapana! Tulikuwa na msemaji. Mkwe anaongea na mkwe kupitia msemaji."

"Basi hata hili lina msemaji. Ndiye mimi."

Jumamosi tukaenda, na sukari, na majani ya chai, kama watu wenye adabu zao. Nthiga kuona tumekuja na msemaji, naye akamwita wake, mzee Mbaka wa jirani. Wakaulizana habari za mvua, za mbuzi, za bei ya muguka, yale majani ya kutafuna, mpaka nikaanza kusinzia. Ndipo Joyline akaeleza polepole: mkwe anashukuru sana kwa duka, anaomba tu miezi mitatu iondolewe, na siku akihama ahame na matofali yake.

Nthiga alikuwa akimnong'oneza Mbaka, na Mbaka ndiye anayesema kwa sauti, ingawa sote tulisikia mara ya kwanza. Lakini kwa hilo alijisahau.

"Ati zawadi yangu inarudishwa?"

Mbaka akakohoa. Wambeti akainamisha kichwa. Joyline, kwa heshima zote, akamweleza Mbaka kile ambacho miezi hiyo ingefanya.

Nthiga akashika shavu. "Mimi mkataba nilichapiwa tu na jamaa wa mjini. Alisema wenye ploti wote huweka hivyo, na wapangaji hufurahi."

"Na kweli alifurahi," Joyline akasema. Mbaka akaangua kicheko, na Nthiga naye akashindwa kujizuia. Kama alijua au hakujua, mimi hadi leo sijui.

Akamnong'oneza Mbaka tena, safari hii kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hatukusikia kitu. Mbaka akajiweka sawa kitini.

"Anasema matofali ni ya aliyeyachoma, hilo limekwisha. Lakini ile miezi mitatu alishampa mkwe wake, hawezi kuichukua tena. Itoke mwisho wa mkataba, ikae mwanzo, ndani ya ile miaka mitano. Mkwe asilipe kodi mpaka tanuri likauke na mkate wa kwanza utoke."

Wambeti alisahau kwamba ana msemaji. "Asante, mkwe! Asante!" akasema mwenyewe, analia na kucheka, na hakuna aliyemkataza.

Mimi nilikuwa nimebeba matusi tangu nyumbani, yote mazuri. Nilirudi nayo mazima. Na Disemba, keki ya harusi ilipotoka kwenye tanuri lile, kipande cha Nthiga nilimpelekea mimi, kwa mikono miwili.