Mfuasi Aliyepiga Hodi

Fundi cherehani alikuwa ameuzoea upweke kama mtu azoeavyo kiatu kinachobana. Alihamia chumba kimoja, akanyoa nywele, akaanza kujirekodi kwa simu huku akishona. "Achana na waliokuzoea," alikuwa akisema kwa upole. "Anza upya, peke yako." Watu laki mbili wakamfuata mtandaoni. Hakuwahi kuwaambia kwamba kila asubuhi yeye humpigia mama yake.

Jumamosi moja adhuhuri akasikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke aliyenyoa kama yeye, amevaa gauni la mshono wa fundi, na futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Nimefanya yote uliyosema, dada," mgeni akasema. "Mwaka mzima sijaongea na mtu wa kwetu. Sasa nifanye nini?"

Sauti ile ilikuwa ya fundi mwenyewe, hata namna ya kuvuta neno la mwisho. Akamkaribisha, akammiminia chai. Kisha akasema, "Mpigie mama yako, mdogo wangu. Sasa hivi, mimi nipo."

Mgeni akapiga, akaweka spika. "Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Sauti hii naijua," mama akasema polepole. "Wewe ndiye yule wa kwenye simu, ambaye binti yangu alikuwa akimsikiliza kutwa. Tafadhali, niambie binti yangu yuko wapi."

Mgeni akamgeukia fundi, akangoja aambiwe la kujibu.