Kitambaa cha Juu ya Kompyuta

Tangu Alute aweke kadi mpya ya picha kwenye kompyuta yake, gemu la mpira lilizidi kukwama: mchezaji ananyanyua mguu apige, mguu unaganda hewani. Alute alisonya, akakaa, akasimama, akafungua programu ya vipimo vya kompyuta. Prosesa, ubongo wa kompyuta, imelemewa, kadi inafanya nusu tu ya kazi. Akapunguza ubora wa picha, mwendo ukabaki uleule. Basi kadi haina kosa, inaisubiri prosesa.

"Kumbe mchawi ni wewe!" akaifokea prosesa, akashika bisibisi aing'oe.

Mkono ulipogusa juu ya kasha ukarudi wenyewe. Moto! Kitambaa cha kudarizi, kama vile vinavyofunika redio na televisheni kila nyumba ya Unyambwa, kilikuwa kimeziba matundu ya hewa. Prosesa ilikuwa inajipunguzia kasi kwa joto. Alute akakivuta kwa hasira, akakitumia kufuta vumbi kwenye feni. Kompyuta ikapoa. Mguu ukashuka, goli!

Mama yake akaingia kutoka shambani.

"Shikamoo, mama."

Mama akasimama mlangoni. Alikuwa anakitazama kitambaa mkononi mwa mwanawe, cheusi tii.

"Nilikidarizi kwa ajili ya hiyo kadi yako mpya," alisema, "isije ikaingia vumbi."