Gurudumu la Inchi Nne

Tangu mumewe afariki, mng'arishaji yule wa vyuma alifungua karakana peke yake na kuifunga peke yake. Siku nyingine jua lilizama hajatamka zaidi ya "karibu" na "njoo kesho uchukue." Aliyepita kila Jumamosi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye alikuwa na lake: aliitaka mashine ya kung'arishia aliyoiacha kaka yake.

Jumamosi moja alimletea kombe la shaba, jembamba kama ganda la yai.

"Shemeji, ling'arishe. Ukiliweza, mashine sitaitaja tena."

Mwanamke akalegeza nati, akachomoa gurudumu la kitambaa la inchi nane.

"Unabadilisha nini? Si mota ni ileile?"

"Mota ni ileile. Lakini ukingo wa gurudumu kubwa unakwenda mbio zaidi. Shaba hii itaungua, au itanyakuliwa. Mashine haina pa kupunguzia spidi, kwa hiyo napunguza gurudumu. Inchi nne."

"Hayo maneno ya kaka."

"Ya kaka yako, ndiyo. Vidole vilivyoungua ni vyangu."

Shemeji akacheka, akalirudisha kubwa mwenyewe, akawasha. Kufumba na kufumbua kombe lilimchomoka, likagonga ukuta, likaanguka limebonyea. Akabaki ameshika kidole gumba, damu inatiririka.

Mwanamke alizima mashine, akamfunga kidole kwa kitambaa safi. Halafu akaligonga kombe taratibu kwa ndani kwa mpini wa mti mpaka likanyooka, akafunga gurudumu dogo, akalipaka dawa kidogo ya kung'arishia. Hakukandamiza. Baada ya nusu saa, shemeji aliuona uso wake kwenye shaba.

"Umeniweza," akasema. Chai hakungoja.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ya pili yake. Ya tatu, kila nyayo zilipopita nje, mwanamke aliinua kichwa. Mwishowe akapiga simu.

"Kidole kimepona?"

"Kimepona, shemeji."

Akakohoa, kikohozi kilekile cha marehemu. Mwanamke alitaka kumwambia kwamba hata kugombana naye kulikuwa mazungumzo. Badala yake akasema, "Pita basi, siku moja."

"Nitaangalia nafasi."

Alijua maana yake. Aliiweka simu mfukoni, akavuta ndoo ya koki alizoletewa na fundi bomba, akaendelea na kazi.