Peceli wa Shimo

"Mawe bado," alisema Peceli, na waliobeba nyama wakarudi nyuma. Alingoja mpaka weusi wa moshi ukatoka wote, mawe yakapauka, ndipo akayatandaza kwa mti mrefu ndani ya shimo la kuokea. Akapanga nguruwe, kuku na magimbi, akafunika kwa majani ya migomba, magunia yaliyoloweshwa, kisha udongo.

Kisiwa cha Kadavu kiliwajua akina Peceli watatu. Peceli Mchungaji, marehemu, alihubiri vilimani mpaka mahasimu wakala sahani moja, na kaburi lake liko chini ya dirisha la kanisa. Peceli wa Mpira alicheza raga ng'ambo akarudi na medali shingoni, na picha yake imebandikwa mlangoni mwa duka. Wa tatu ndiye huyu, Peceli wa Shimo, asiye na mke wala mtoto, anayekumbukwa pakiwa na harusi au msiba.

Siku hiyo mtoto wa Vasiti, mpwa wake, alikuwa anapewa jina. Angeitwa Peceli, hilo lilikwisha kubaliwa. Lakini kwao jina haliokotwi njiani: lazima litoke kwa mtu, na mtu huyo ndiye somo wa mtoto mpaka kufa. Mtoto huyu alikuwa wa pili, na zamu ya kutoa jina ilikuwa ya upande wa mama, ila baba mtu, Isikeli, alimtaka wa Mpira, aliyeshuka boti asubuhi ile ile, na nani angemkatalia mcheza raga? Wanaume walimtania Peceli tangu alfajiri, wakamwambia apike vizuri, mgeni asije akaumwa tumbo. Alicheka nao. Moyoni alimtaka mtoto yule kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Shimo lilipokaribia kuiva alinawa, akachukua kutoka shambani mwake fungu la mizizi ya yaqona, kinywaji cha heshima kinachotangulizwa mbele ya ombi, akaingia nyumba ya wazee. Kuombewa jina na msemaji ni kawaida. Kujiombea, hakuna aliyewahi kuona. Mzee Sakiusa, baba yake Vasiti, alimwuliza msemaji wake yuko wapi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alijibu, akaisogeza yaqona mkekani. Watu wakacheka, naye pia. Kisha akasema, "Mchungaji anatajwa kila Jumapili. Ndugu yangu huyu wa mpira anatajwa hata na wasiomjua. Mimi huitwa kukiwa na cha kupika. Nataka mtu mmoja wa kuniita siku ambayo hakuna cha kupika."

Kicheko kikakatika. Isikeli alimtazama Peceli wa Mpira, naye akawa anatazama magoti yake. Vasiti akasogea kwa magoti na mtoto kifuani.

"Mpokee, mjomba. Mshike shingo."

Isikeli alishusha pumzi. Mzee Sakiusa akaigusa ile mizizi kuikubali, na wazee wakapiga makofi mazito.

Nje mtu aliita kwamba shimo liko tayari. Peceli alitaka kuinuka, lakini wa Mpira alikuwa amekwisha simama, anakunja mikono ya shati lake jeupe.

"Kaa, somo," alisema. "Nitafunua mimi."

Kupitia mlangoni Peceli aliona koleo likishuka katikati kabisa ya shimo, mahali ambapo mpishi yeyote asingeanzia. Akafungua kinywa kumwelekeza. Mtoto alikuwa amelala juu ya mkono wake wa kushikia koleo. Peceli akanyamaza, na magimbi yakaingia udongo.