Mikono Iliyofunga Maua

Mikono ya Divine ilikuwa ya zambarau, na kwenye njia ya Fizi mtoto mwenye mikono ya zambarau hapiti. Tatizo lilikuwa hilo. Mengine yote ni maelezo.

Divine alikuwa na miaka kumi. Baba yake, Bonaventure, alishona nyavu za wavuvi ufukweni Baraka. Mama yake, Constance, alikuwa Fizi, juu mlimani, kwa ndugu zake, alikokwenda kujifungua. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Waasi waliotoka upande wa Uvira walikuwa wameishika Baraka. Milimani walikaa vijana wa pori waliopigana nao. Raia walikaa katikati, wakipigwa na pande zote mbili kwa zamu. Constance alikuwa ametuma neno: njooni kabla ya Jumapili, watu wa pori wanashuka kuipiga Baraka. Bonaventure alikuwa ameshafunga mzigo. Ndipo yakaja maua.

Komanda wa Baraka alitangaza kwamba mkubwa wake anakuja kwa boti kuona jinsi wananchi wanavyompenda. Wananchi walitakiwa wampende Jumatano, saa nne asubuhi. Watoto wa shule wasimame njiani na maua, tena maua ya rangi, yatokee vizuri kwenye picha. Askari wake hao hao walikuwa wamefyeka kila kichaka cha mji ili adui asipate pa kujificha, na maua yote yakaenda na vichaka. Sasa wanataka maua.

Mwalimu Raphaël, mkuu wa shule, ndiye aliyepata akili. Katika nyumba ya mapadri, ambayo mapadri wenyewe walikuwa wameikimbia, yalibaki makasha ya karatasi za kuchujia kahawa, nyeupe, zenye mikunjo ukingoni kama sketi. Rangi aliichukua zahanati: ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wachanga kinywani, na kidogo ya dawa nyekundu ya vidonda. Aliimimina kwenye masufuria, akawaita watoto uwanjani.

Lazima isemwe, kwa sababu ni kweli: watoto walifurahi. Tangu vita vianze hakuna aliyewapa kitu cha kuchezea. Walikunja karatasi mara mbili, wakachovya ukingo, wakatazama rangi ikipanda polepole kuelekea katikati kama ina miguu. Wakazianika kwenye kamba. Zilipokauka wakazipanga tatu tatu, wakazibana katikati na kuzifunga kwenye vijiti vya matete. Kwenye kufunga ndipo wengi waliposhindwa. Uzi ulilegea, ua likafunguka na kuanguka. Divine hakushindwa. Alikuwa mtoto wa mshona nyavu, fundo la wavu alilijua kabla ya kujua kuandika jina lake. Alizungusha uzi, akaupitisha, akaukaza kwa meno, ua likasimama. Basi wenzake wakamletea ya kwao, hata yale ambayo hayajakauka, naye akafunga ya shule nzima, huku rangi mbichi ikimwingia mpaka kwenye vifundo vya mikono.

"Baba, angalia," alisema jioni, akinyoosha viganja. "Mwalimu anasema mi njo fundi."

Bonaventure alicheka. Alijivunia fundi wake. Kicheko kile ndicho kilichomuuma baadaye kuliko yote.

Mkubwa alikuja Jumatano, saa nane, watoto wameungua na jua. Alipita, akapigwa picha ameshika ua moja, akarudi kwenye boti yake. Alikaa nusu saa. Maua yalibaki barabarani, mbuzi wakayala.

Kesho yake jioni mwanamke mmoja muuza mihogo alifika kutoka njia ya Fizi, akatua kapu lake chini na kusema kabla hajapumua:

"Bale ba pori banajua yote! Kwa bariyeri, pale banafunga njia, kila muntu ananyoosha mikono. Mwenye rangi, banasema, njo alipokea adui na maua. Leo asubui bamekamata batoto babiri na baba yabo."

"Bamebafanya nini?" Bonaventure aliuliza.

"Mi sikubakia kuangalia, ndugu yangu."

Bonaventure alianza kusugua. Alisugua kwa limau, kwa majivu, kwa mchanga wa ziwa, kwa mafuta ya taa. Mwanzo Divine alicheka, akasema anatekenywa. Kisha akalia. Zambarau ilipauka kidogo tu, ikakimbilia kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha, ikajikalia. Kilichotoka ni ngozi.

Jirani yao, Mama Merveille, alisimama mlangoni na kichanga chake mgongoni. Kinywa cha mtoto kilikuwa kimejaa utando mweupe, hakunyonya vizuri tangu juzi.

"Nimetoka zahanati," alisema. "Dawa imeisha. Njo hii, ninaiona kwa mikono ya mutoto wako."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ingekuwa afadhali. Bonaventure aliweka chini limau, akatoka.

Alimkuta Mwalimu Raphaël uani kwake, anakula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani.

"Karibu, Baba Divine. Nawa, tukule."

"Onyesha mikono."

"Vipi?"

"Mi nimesema, onyesha mikono!"

Raphaël alinyoosha mikono yenye unga wa ugali. Ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kubatizwa. Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, zilining'inia glavu mbili za mpira, vidole vyote vya zambarau. Bonaventure aliziona, naye Raphaël akaona kwamba zimeonekana.

"Ile dawa haitoke kwa ngozi," Raphaël alisema. "Kila muntu anajua."

"Kila muntu anajua. Na batoto?"

"Glavu zilikuwa hizi tu. Baba Divine, sikiya. Komanda alisema, kama maua hakuna, mi nitalala chini ya udongo. Ulitaka mi nifanye nini?"

"Maua, komanda alikulazimisha. Sawa. Glavu, nani alikulazimisha?"

Watu walikuwa wameanza kujazana kwenye ua wa matete, na mmoja wao akapaza sauti: "Jibu, Mwalimu! Iyi njo ekzameni!" Wakacheka. Mwingine akasema: "Mupe sufuri!"

Sufuria moja ya rangi, aliyorudi nayo kutoka shuleni, ilikuwa bado pale ukutani, na dawa iliyobaki chini imeganda nusu. Bonaventure alimshika Raphaël vifundo vya mikono. Mikono ya mtu ashonaye nyavu haisumbuki na mikono ya mtu ashikaye chaki. Aliizamisha yote miwili na kuishikilia mle mpaka alipochoka mwenyewe.

"Sasa weye na batoto bako muko darasa moja," alisema.

Alirudi nyumbani amejaa raha. Hasira ina raha yake, na asiyeijua raha hiyo hajakasirika bado.

Lakini mikono ya Divine ilibaki vile vile. Ijumaa ndipo Bonaventure alipomkumbuka marehemu baba yake, aliyekuwa akipika nyavu za pamba kwa magome ya miti ili zisioze. Mikono ya mzee ilikuwa ya kahawia iliyokaribia weusi mpaka siku aliyozikwa. Bonaventure alibandua magome nyuma ya nyumba, akayachemsha mpaka maji yakawa mazito, akaacha yapoe.

"Ingiza."

"Baba, inauma."

"Najua. Ingiza."

Magome yale huuma hata ngozi nzima. Divine alipiga kelele ambayo ilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Bonaventure alitumbukiza mikono yake pia, kando ya ya mtoto, ingawa haikusaidia kitu. Walipoitoa, zambarau ilikuwa imemezwa.

Jumamosi asubuhi walitoka. Njia ya Fizi ilikuwa imejaa watu wenye magodoro na kuku, wote na neno lile lile la Jumapili. Mahali ambapo barabara inaanza kupanda kulikuwa na kamba ya mkonge, na kwenye kamba kijana mwembamba mwenye bunduki ambaye wenzake walimwita Darius.

"Mikono," alisema. Akaiangalia ya baba, akaiangalia ya mtoto, akaiinamia. "Hii uchafu ni nini?"

"Magome. Tunashona nyavu."

"Nyavu? Nyavu za siku hizi iko nailoni, mzee. Unaniona mi mutoto?"

"Ya matajiri njo nailoni."

Darius alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alichomoa uzi kwenye pindo la shati lake, akamwekea Divine kwenye kiganja kilichochubuka. "Funga fundo la wavu, tuone."

Divine alimtazama baba yake. Akazungusha uzi kwenye kamba ya kizuizi, akaupitisha, akaukaza kwa meno. Damu kidogo ilibaki kwenye uzi. Darius alivuta fundo. Halikusogea.

"Fundi," alisema.

Hapo hapo kelele zilipanda nyuma yao. Vijana wa pori walikuwa wamemfungua mtu vitambaa alivyojizungushia mikononi kama mgonjwa, na chini ya vitambaa kulikuwa na zambarau mbichi inayong'aa. Alikuwa Raphaël.

"Mwalimu wa maua!" walipiga makofi. "Mwalimu, tuimbie!"

Darius alimsukuma mpaka kwenye kamba. "Batoto bako bako wapi? Ni nani alifunga yale maua? Tuonyeshe. Kati ya hawa bantu, batoto bako ni bapi?"

Shuleni watoto wamefundishwa kwamba mwalimu akiingia wanasimama na kumwamkia. Divine alifungua kinywa. Bonaventure alimbana kiganja, pale pale penye kidonda, na kinywa kikafungwa.

Raphaël aliwatazama. Alimtazama mtu aliyemchovya, na mtoto aliyemfungia maua.

"Hakuna," alisema. "Hawa sibajue. Batoto balibakia Baraka."

"Na huyu fundi wa nyavu?"

"Simujue."

Kamba iliinuliwa, wakapita chini yake. Bonaventure aligeuka mara moja tu. Raphaël alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, kama mtu anayesoma kitu kigumu. Kisha wakampeleka nyuma ya michikichi. Risasi haikusikika, vijana wa pori hawakupoteza risasi kwa kazi kama ile.

Rangi ile mikononi mwa Raphaël hakuitia komanda. Bonaventure alipanda mlima mzima na jambo hilo kifuani. Alikuwa na hasira na mkubwa wa boti, na komanda, na Darius, na mikono yake mwenyewe. Alitaka angalau Raphaël abaki mtu wa kuchukiwa tu, lakini Raphaël alikuwa amemnyima hata hilo, na kwa hilo pia alimkasirikia.

"Mumefika bazima?" Constance aliuliza mlangoni, mtoto mchanga mikononi. Halafu akaona viganja vya Divine.

Hesabu yenyewe ni hii. Makasha matatu ya karatasi za kahawa. Dawa yote ya zambarau ya zahanati. Kichanga cha Mama Merveille, kilichoshindwa kunyonya, kikafa. Baba mmoja na watoto wake wawili kwenye njia ya Fizi, ambao majina yao Bonaventure hakuwahi kuyapata. Viganja vya Divine, vilivyopona vimekakamaa, hata fundo la wavu hawezi tena kulikaza. Mwalimu mmoja. Na kwa hayo yote ilipatikana picha moja, ambayo mpaka leo hakuna mtu wa Baraka aliyeiona.