CD ya Radhi

Tangu asubuhi Huseni alikuwa amechoma CD arobaini za kaswida, na mgongo ulimuuma kama wa mtu aliyepalilia shamba zima la mikorosho peke yake. Hapo ndipo Ziada alipoingia dukani mwake, Kilwa Masoko, na memori kadi aliyoazima kwa mpiga picha za harusi.

"Kaka Huseni, nichomee hii upesi. Boti ya Songo Songo haingoji, na mwenye kadi anaifuta mchana huu. Ana harusi Pande."

Ndani ya kadi alikuwamo mama yake Ziada, amerekodiwa video wiki moja kabla ya kufa. Mwishoni mwa maneno yake alimpa radhi Kudra, binti yake mdogo, aliyeolewa Songo Songo kwa ugomvi na asirudi tena nyumbani. Kufiwa na mama bila radhi yake si jambo dogo. Kudra alikuwa hali, halali.

CD zilizobaki zilikuwa za bei ya chini, zimeandikwa spidi nne. Huseni alijua kwamba CD huchomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukiikimbiza huharibika huko mwishoni. Lakini alichoka, jamani, alichoka mpaka kwenye kucha. Akaweka spidi kumi na sita. Ilipotoka akaitia kwenye deki, akamwona mama wa watu akikohoa na kutoa salamu, akaitoa.

"Iko safi," alisema. Ziada akakimbilia gatini.

Majuto ni mjukuu, na wa Huseni alikuja siku ya tisa. Ziada alirudi na mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu.

"Huyu ndiye Kudra. CD yako inakwama, kaka. Mama anasema, 'Kudra, mwanangu,' halafu anaganda."

Kadi ilishafutwa. Ziada alikuwa ameapa mpaka sauti ikamkauka kwamba mama alitoa radhi, lakini Kudra hakuamini. Tangu utotoni dada yake alizoea kumficha hasira za mama.

Kudra akasogea mezani. "Kaka, wewe si ndugu yetu, huna sababu ya kunibembeleza. Ulipoijaribu ulimsikia mama. Alinipa radhi?"

Nyuma yake Ziada alimwashiria Huseni kwa kichwa, akimsihi akubali. Huseni aliona haya.

"Alikupa."

Kudra akafumba macho, akashusha pumzi. Kisha akayafumbua.

"Kwa maneno gani?"

Huseni akaitazama mashine yake, akaitazama meza, akamtazama Ziada.

"Sikufika huko, dada," alisema. "Nilisikiliza salamu tu."