Mgeni Rasmi wa Kila Kitu

Magreti alishuka Dumila na fomu mkobani, na swali moja lililomkaa kichwani juma zima: mpira unalipa nini hasa, na ukiisha unamwacha mtu wapi? Timu moja ya wanawake ya Dar es Salaam ilimtaka binti yake Loveth, mwenye miaka kumi na saba, na bila saini ya mzazi haendi kokote. Mshahara ulioandikwa mle, hata mwalimu mkuu angeusoma mara mbili.

Aliyejua jibu alikuwa Kasian. Kijana huyo wa kwao Mvumi alicheza ligi kuu miaka sita, goti likagoma, na sasa anawauzia abiria wa mabasi mahindi ya kuchoma.

"Shikamoo, Mama Loveth."

"Marahaba, baba. Nisamehe, nakuuliza bila kuzunguka. Zile hela zilikwenda wapi? Pombe?"

Kasian alicheka mpaka akasahau kugeuza mahindi. "Sijawahi kunywa, mama. Nilikuwa mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi wa nini?"

"Wa kila kitu! Mahafali, fainali ya kombe la mbuzi, harambee ya zahanati. Umekalishwa meza kuu, unatajwa kwenye kipaza sauti, akina mama wanapiga vigelegele, utatoa elfu kumi? Hata goti lilipoharibika kadi za michango ziliendelea kuja, nikaona aibu kukataa. Niliuza pikipiki ili nitoe."

"Basi walikulipa kupita kiasi."

"Labda. Lakini walinilipa miaka sita tu, nami nikazila na tarafa nzima." Akampa hindi. "Spika za kwaya yenu bado zinafanya kazi?"

Magreti alishikwa na aibu mpaka hindi likamshinda kula. Kadi ya mchango wa spika hizo aliipeleka yeye mwenyewe, na wakati huo Kasian alikuwa anatembelea magongo. Hakumuuliza hata anakula nini.

Jioni, kabla ya kuvua viatu, alitia saini. Loveth alimrukia shingoni, huku analia, huku anacheka.

"Mama, mshahara wa kwanza nikununulie nini? Sema chochote!"

Bati. Tangu fomu ifike, Magreti alikuwa ameshaiezeka nyumba yake ya nyasi kichwani, mpaka rangi alishachagua. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Sina shida na kitu," alisema. Alikuwa anadanganya, na ilimuuma, maana mvua zilikuwa zinakaribia.